Saba Yenye Mkato

Oruro, asubuhi kalamu zikigoma kwa baridi,
Mwalimu Zenobia Colque alikosea hesabu ubaoni.
Nikanyoosha kidole, moyo ukinidunda.
Darasa likanyamaza.

Hakufuta upesi. Alirudi nyuma, akautazama ubao,
akanikabidhi chaki:
"Tuoneshe, Wilder. Nimepotelea wapi?"

Nyumbani hakuna aliyewahi kuniuliza njia.

Leo napima barabara za milimani.
Saba zangu bado nazikata kiuno
kama alivyozikata yeye,
zisije zikadhaniwa moja.

Mwaka jana nilimpelekea machungwa hospitalini.
Jina langu lilikuwa limemtoka,
sura pia.
Akalivuta daftari langu la kazi, akapekua kurasa,
kidole kikasimama.

"Hii saba," akaniambia, "naijua.
Mwenyewe yuko wapi?"