Gurudumu Mapajani

Henning alipima buti la gari kwa kamba ya kufungia zawadi,
akapiga fundo moja kwa urefu, mawili kwa upana,
akaitia mfukoni kama mtu aliyebeba siri ya serikali.
"Kipimo hakidanganyi," akasema.
Sikumkumbusha pazia la jikoni.

Jumamosi ya mvua, Kiel, duka la watoto karibu na stesheni.
Rukwama zimepanga safu, zimejitanda vitambaa vya kukinga jua
kama mabibi waliofika mapema harusini
na hawajui wakae upande gani.
Torben, muuzaji, ana kalamu sikioni na subira ya kulipwa.

Hii ya kijani, anasema, ina magurudumu mapana,
mchanga wa Laboe itaupita bila kuguna.
Ina breki ya mguu, mikanda ya mabegani, mifuko ya ubavuni,
inabeba kilo mia.
Na yenyewe ina uzito gani? nauliza.
Anakohoa kidogo. Kilo kumi na tisa.
Sisi tunakaa ghorofa ya tatu. Lifti hatuna,
tuna ngazi, na jirani, Bi Lüders,
ambaye husikia hata soksi ikianguka.

Basi hii ya kijivu: kilo kumi na moja,
magurudumu membamba kama biskuti.
"Inakunjika kwa mkono mmoja," anasema Torben,
akavuta utepe. Haikukunjika.
Akavuta tena, mkono wa pili ukaja kusaidia,
kisha goti, kisha neno alilolimeza nusu.
Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza;
hiki hakikujiuza wala hakikutembea,
kilibaki nusu wima, nusu chini,
kama ngamia anayefikiria.

Nami nilikuwa nahesabu mengine:
mkate mweusi, taulo nne, chupa ya chai,
nepi zilizoloa, makoti ya huenda-ikanyesha,
mawe ya Jonte ambayo hayaachwi ufukweni
kwa sababu kila moja lina jina.
Na Fenja, miaka miwili, anayesinzia pale pale
safari inapoanza kunoga.

Tukawapandisha wote wawili wajaribu.
Fenja akakaa kama aliyezaliwa humo.
Jonte, magoti yakamfika kidevuni.
Januari atatimiza saba.
Akatutazama, akatazama viatu vyake,
akashuka bila kuambiwa.
Nikajua nilikuwa nanunua rukwama ya mwaka jana.

Hilo sikulisema.
Henning alikuwa ameinamia kijitabu cha maelezo,
akizitafuta sentimita zake kwenye kamba.

Jonte ndiye aliyeshika mpini.
Wa ile ya kijani kwanza: mrefu mno, ukamgonga mbavu.
Kisha wa ya kijivu. Akavuta.
Akapita na dada yake kati ya vitanda,
akakata kona kwenye rafu ya chupa,
akapiga honi kwa mdomo, mjamzito mmoja akampisha,
Fenja akiwapungia mkono watu wasiokuwepo.
Mzunguko wa kwanza. Wa pili.
Wa tatu kwa mbio, Torben akashika kalamu yake.

Tulikuja tumempima wa kukaa.
Wa kuvuta hatukumwazia hata kidogo.

"Ya kijivu," nikasema.
"Na mchanga?"
"Mchanga tutasukumana nao."

Nje, mvua bado. Kamba ikatolewa mfukoni,
fundo kwa fundo, ikakubali urefu, ikakubali upana.
Kimo, hakuna aliyekikumbuka.
Buti likagoma kufunga kwa kadiri ya ngumi moja.
Tukang'oa gurudumu, la nyuma kulia,
nikalipakata hadi nyumbani
likinuka mpira mpya,
na Jonte, nyuma yangu, kila taa nyekundu
akiniuliza kama bado ninalo.