Mwakinanda

Jina la kwao lilikuwa Neville Thrupp.
Lilitushinda. Herufi tatu zinasukumana mlangoni
na hakuna hata moja inayosema hodi.
Mke wangu Subilaga ndiye aliyembatiza:
anabeba kinanda mgongoni kama mtoto,
basi ni Mwakinanda.
Akaitika siku ileile. Mpaka posta ya Tukuyu wakamjua.

Alishuka mwezi wa tatu, na mvua zetu zile
zinazonyesha kana kwamba zinalipwa kwa saa,
kumfuata dada yake, muuguzi wa misheni.
Alisema wiki tatu.
Alikaa miaka kumi na moja.

Aliingia kibandani kwangu maji yakimchuruzika puani,
akaweka kinanda juu ya redio za watu.
"Fundi, kimekufa."
Nikakifungua: ukungu ndani kama wa mkate,
na mende mmoja, marehemu, juu ya saketi.
Hakijafa, nikamwambia. Kimepigwa baridi tu.

Siku nyingine akanionyesha picha iliyokunjwa mara nne:
kijana mwembamba kama fito, wanja machoni,
nywele zimesimama kama kaona mzimu,
mabega ya koti hayapiti mlangoni.
"Mdogo wako?"
"Mimi," akasema. "Mwaka wa themanini na moja."

Kidogo kidogo, kama anayemenya kiazi cha moto,
akanisimulia. Baba mchomeleaji wa kiwanda kilichofungwa.
Vijana wanne gereji, gitaa la kuazima,
wamechoshwa na muziki wa kaka zao,
wanataka sauti ya mashine inayolia.
Wimbo mmoja ukapanda hadi nafasi ya nne,
ukakaa wiki tatu, ukashuka.
Wa pili haukupanda.
Wa tatu kampuni haikuutoa hata kabatini.
Mkataba waliusaini usiku, wamelewa,
juu ya ngozi ya ngoma.
"Nilikuwa na miaka ishirini na mbili, fundi,
na tayari mtu wa zamani."

Kila mwaka ilikuja bahasha moja, haki ya mtunzi.
Kuna mwaka ilinunua magunia mawili ya viazi.
Kuna mwaka benki ilikula yote, ikabaki stempu,
nzuri, yenye ndege. Akampa binti yangu.

Wanakwaya walimpenda kwa mashaka.
Mzee Asegelile alimwonya: kinanda cha kanisa hakipigi chafya.
Maana alikuwa na vile vilio vyake, tiu, tiu,
anavichomeka katikati ya pambio,
na watoto wa kipaimara wanaanguka chini ya mabenchi.

Jumanne moja nilikuwa najaribu redio ya mwalimu Ambakisye,
nazungusha masafa mafupi: kelele, Kichina, kelele,
halafu wimbo.
Sikuujua. Nilijua kwa kumtazama yeye:
kikombe kilisimama njiani kwenda mdomoni.
Mvua ilipiga bati nje ya mapigo.
Karibu na mwisho akainua kidole.
"Hapa."
Sikusikia kitu.
"Hapa nilikosea. Prodyuza akasema acha,
hakuna atakayejua."
Akanywa chai yake, imeshapoa,
akaniuliza bei ya risasi ya kuchomelea.

Kipupwe cha mwaka ule mapafu yalikataa.
Tulimzika nyuma ya migomba ya dada yake,
na kwenye msalaba tuliandika jina tunaloweza kulisoma.

Kinanda nilikaa nacho. Mwaka jana Lusajo,
mwenye studio kule Mbeya, Soweto,
akakichukua kwa nusu ya bei.
Juzi nipo Kiwira, mfuko wa mbolea kichwani,
nikasikia kwenye duka la simu, tiu, tiu,
chini ya kijana anayemlilia mchumba.
Nikasimama katikati ya njia, watu wananipita, wananiguna.
Nilikuwa nasubiri lile kosa.
Halikuja. Siku hizi kompyuta inafuta kila kitu.

Lusajo, ile elfu themanini bado.