Mkono Ndani ya Soksi

Jumamosi saa kumi, kwa Mzee Ndekirio,
mlangoni palikuwa na kiingilio:
mzigo mmoja wa majani ya ng'ombe,
mabichi, si yale ya kuokota njiani.
Tulikata tangu saa nane, mikono ikatuwasha,
tukaketi sakafuni kutazama chenga.

Chenga nyingi kuliko picha.
Antena ilifungwa juu ya mgrevilea,
na upepo ukishuka kutoka Kibo
kijana mmoja alipanda kuizungusha.
"Bado! Bado! Hapo hapo! Ah, umepitiliza!"
Mara nyingi kijana huyo alikuwa mimi.
Nusu ya kipindi nilikisikia nikiwa mtini.

Lakini nilimwona. Mbuzi wa soksi,
soksi ya shule, ya kijivu, kisigino ndicho kisogo,
jicho moja kifungo cha koti, la pili hakuna.
Jina lake Kifungo.
"Cha shati," alikuwa akisema, "si cha jela,"
ingawa cha shati hakikuwa.
Aliishi ndani ya birika bovu,
alikiogopa kijiko,
na alikuwa na ngazi ya njiti za kiberiti
ya kwenda kuudai mwezi sukari aliyoukopesha.

Siku ya ngazi, alipanda
(miguu hakuwa nayo, lakini alipanda)
njiti ya kwanza, ya tano, ya saba,
kioo kikawa cheusi.
"Umeme huo," akasema Mzee Ndekirio,
akatutoa nje.
Miaka ishirini na mbili nimesimama kwenye njiti ya saba.

Sasa tuko watatu, Soweto, chumba cha uani,
nyuma ya mashine ya kusaga.
Kundaeli anaandika programu, Zubeda anachora,
mimi natengeneza sauti na kununua luku.
Unga hupenya ukutani, hutua kwenye kibodi.
Herufi A imeshakuwa uji.
Mjomba huchungulia: "Mnafanya kazi au mnacheza?"
Tunajibu ndiyo.

Mchezo wetu una mbuzi, una birika, una ngazi,
una kila kitu isipokuwa mdomo wa mbuzi.
Zubeda ameuchora mara arobaini,
na mara arobaini nimesema, siye huyu.

Nikaenda Memorial kutafuta soksi ya kijivu.
Mama mmoja, miwani imefungwa kwa uzi,
akaingiza mkono kunionyesha haina tundu.
Kidole gumba kikakutana na wenzake, vikaachana,
kisogo kikalala kushoto
kama mtu anayesikiliza birika likianza kuimba.

Sikuuliza bei.
Nilisema, "Cha shati."
Mkono ukageuka, ukanitazama.
Mwenyewe alikuwa bado anahesabu chenji ya mteja mwingine.
"Si cha jela," soksi ikasema.

Bi Aikande alikuja Alhamisi.
Mwenye mashine alikubali kuzima dakika kumi, kwa elfu tatu.
Sauti imeshuka, ina kifua, ina makwaruzo.
Zubeda hakusema neno;
alimwongezea mbuzi mvi.

Nikauliza. Sukari je, aliipata?
"Wapi! Tulikuwa hewani, mubashara.
Mwenye kamera akadai hela yake, hatuna,
akachomoa waya.
Haukukatika umeme, baba. Tulikatika sisi."
Na Kifungo?
"Binti yangu alimvaa kwenda shule.
Jicho nikalishona kwenye sketi."
Akaomba alipwe nauli, na chai isiyo na sukari.

Usiku huu mbuzi amefika njiti ya saba, amesimama.
Juu yake hatujaandika kitu.
Kundaeli anataka mwezi useme samahani.
Zubeda anataka mwezi ukane deni.
Luku inalia, imebaki kidogo,
na jirani amewasha tena mashine yake:
unga unashuka mbele ya skrini, chenga, chenga,
na nyuma ya chenga mdomo unafumba, unafumbua.
Kundaeli ananyoosha kitambaa afute.

Hapo hapo, nasema.
Usiguse.