Nyuma Yangu Wanakunja Njia

Peebles, Jumapili, saa tatu asubuhi,
na mvua haijaamua kama ni mvua
au ni ukungu wenye kiburi.
Nambari yangu, mia mbili na kumi na saba,
nimeifunga kwenye usukani kwa vibano vya plastiki,
nikavikaza hadi vikalia.
Kidawa, najiuliza, umefuata nini huku,
wewe wa zamu ya usiku, wa mashuka na bakuli za uji,
mwenye miaka arobaini na minne
na goti linalotabiri mvua?

Baiskeli ni ya Eilidh, jirani wa ghorofa ya juu.
Wiki sita alinifundisha nyuma ya duka la mbao:
kidole kimoja tu kwenye breki,
usitazame jiwe, tazama unakotaka kwenda,
jiwe ukilitazama litakuita.
(Nimewahi kuishi na mtu wa namna hiyo.
Sikuambiwa mapema.)

Wenzangu wamenyoa miguu. Wanaume wazima!
Miguu inang'aa kama bilauri.
Wanajadili upepo wa tairi kama madaktari,
kiasi gani kwa tope gani, kwa mizizi gani.
Mimi nililibonyeza langu kwa dole gumba,
nikaona ni gumu, nikashukuru.

Firimbi.

Vumbi hakuna. Kuna tope linaloruka,
jeusi, baridi, lenye sindano za misonobari,
linaingia jichoni, puani,
hadi ndani ya Bismillahi yangu.
Maji niliyavulia nguo mwenyewe,
hakuna aliyenisukuma,
ila sikujua yangekuwa mazito hivi.

Kilima.
Gia moja. Gia nyingine. Gia zimekwisha
na kilima bado hakijafika kwenye neno lake.
Nashuka. Nasukuma.
Kumbe baiskeli nayo ni mgonjwa:
huinuliwa kwa nguvu za magoti, si za mgongo,
huelezwa kila hatua kabla ya kuipiga,
sasa tunapanda, bibi,
sasa tunapumzika kidogo,
vizuri sana, bibi.

Mtoto wa miaka kama kumi na miwili ananipita.
"Kulia kwako!" anapaza, kisha,
malezi yakimkumbusha, "Samahani."
Anapotelea mitini kama panya mwenye shughuli.

Karibu na kilele nasikia nyuma yangu: krrr, krrr.
Ni Fraser, fulana ya njano, ndevu zinadondoka maji.
Kazi yake ni kumfuata wa mwisho.
Nikishapita mimi, njia haihitajiki tena:
anabandua utepe, anang'oa vibendera,
na mbio zinakunjwa nyuma yangu
kama mkeka baada ya wageni kuaga
na mgeni mmoja bado yupo pembeni
anamalizia chai.
"Usiharakishe," ananiambia.
"Mimi nalipwa kwa mkate, si kwa saa."

Halafu mteremko.
Mizizi, mizizi, jiwe
(silitazami, silitazami),
kidole kimoja, magoti laini,
na mwili huu uliobeba wazee wa watu miaka kumi na tisa
ukabebwa.
Nikapiga ukelele. Si wa hofu. Sijui wa nini.
Chubwi, kijito! Nikatokea ng'ambo
bado niko juu ya kiti.
Kisha pale penye usawa, pasipo hata kokoto,
nikaanguka.

Tao la mwisho lilikuwa linatolewa hewa,
limeinama kama mtu anayesinzia kwenye hotuba.
Nikapita chini yake kwa kuinamisha kichwa.
Mwenye kipaza sauti alikuwa anakunywa supu;
akaweka bakuli chini, akasoma: "Ki-dei-wa!"
Makofi ya watu sita.
Mmoja wao Eilidh, analia, au ni mvua.

Usiku nimeiogesha baiskeli bafuni kwangu.
Maji yakatoka kahawa, kisha chai ya rangi, kisha maji.
Mikono haiwezi kufungua mtungi wa siagi
na kesho saa mbili nina zamu.
Katikati ya meno ya gia
imebaki sindano moja ya msonobari.
Nimeiona. Brashi ninayo mkononi.
Nimeiacha.