Bomba la Tatu

Muadhi amelala na kidude cha mchezo mkononi,
kidole gumba bado kinabonya ndotoni.
Nakichomoa polepole, kama mwiba wa changu kooni.
Kwenye runinga yule mtu wake mdogo,
mwenye kilemba cha buluu na miguu kama njugu,
anangoja juu ya tofali.
Mbele yake mabomba manne yamechomoza ukutani,
yanatema moto kwa zamu.
Roho zimebaki tatu.

Nikasema nitacheza mara moja tu.

Ni Julai. Kiyoyozi kinakohoa,
kinadondosha maji kwenye beseni la nguo,
na dirishani, nyuma ya mapaa ya Falaji al-Kabail,
mwenge wa kiwanda unawaka kama kawaida yake,
ulimi mmoja wa rangi ya chungwa
unaolamba mbingu ya Sohar tangu tuhamie hapa.
Sleyyim yuko chini ya ulimi ule mpaka alfajiri.

Bomba la kwanza ni jepesi.
Linatema, linameza, linatema:
moja, mbili, ruka.
La pili lina kigugumizi, linatema nusu, linajirudi,
lakini ukilizoea linaonewa huruma.
La tatu ndilo fitina.
Linakaa kimya kama mtu aliyekwisha kusamehe;
nyanyua mguu tu,
hilo!

Roho ya kwanza ikaenda.

Wiki iliyopita mwanangu aliniambia,
kwa sauti ya mwalimu aliyechoshwa na darasa:
"Mama, usitazame moto. Tazama mdomo wa bomba.
Unapiga mwayo kwanza, ndipo unatema."
Nilikuwa nakaanga sambusa, nikajibu ehe, ehe.
Ndimi nijuaye mafuta yanavyonong'ona kabla ya kuruka,
na sikumsikia.

Roho ya pili niliipoteza kwa tamaa.
Sarafu moja ilining'inia katikati ya miali,
sarafu isiyonunua hata mkate,
nikaifuata.

Sleyyim hasimulii kazi.
Huja na harufu ya gesi kwenye ndevu,
hula wali wake, huuliza kama mtoto amesoma.
Mwaka juzi nilipokuwa nafua
nikaona mkono wa ovaroli umebabuka,
umejikunja kama ganda la kitunguu,
na yeye kavaa mikono mirefu siku ya tatu ile, ndani ya nyumba.
"Valvu ilichelewa," alisema. "Kidogo tu."
Kidogo ni ngapi?
Moja? Moja, mbili?

Aliyeuchora moto huu wa runingani
aliacha nafasi ndani yake.
Alikaa mahali fulani na chai yake inayopoa
akasema: hapa nitamwachia mchezaji sekunde moja na nusu.
Ni huruma, hata kama ina meno.
Naugeukia wa dirishani.
Nauhesabu. Unavimba, unasinyaa, unavimba,
na kila nikidhani nimeushika mwendo wake
unanivuruga.

Basi nikarudi kwenye tofali langu, na roho yangu moja.
Sikuutazama moto.
Nikautazama mdomo, ule weusi wa duara,
mpaka nikauona: mwayo,
mdogo, kama wa paka.
Nikaruka.

Bomba la nne lilikuwa linanguruma kando yangu
na mimi nimesimama salama, jasho linanichuruzika mgongoni,
mwanamke wa miaka arobaini na mbili,
nikimshukuru Mungu kwa kuvuka ukuta wa rangi.
Sikuendelea.
Nikausimamisha mchezo palepale,
nikakirudisha kidude katika kiganja cha Muadhi.

Asubuhi alipiga kelele hadi jirani wakasikia:
"Nani amevuka bomba la tatu?"
Nilikuwa namimina gahawa.
Sleyyim, viatu bado miguuni, macho mekundu,
akanitazama mara moja,
akaunyosha juu ule mkono wenye kovu
na kudanganya:
"Mimi."

Nikamwachia.