Fundi wa Matundu

Kazi yangu ni barafu.
Velta ndiye mwenye nta, mwenye sufuria mbili,
ile ndogo ndani ya ile kubwa kama mtoto anayeogeshwa,
ndiye mwenye kipimajoto na kauli ya mwisho.
Mimi hunituma roshani na nyundo
nikaivunje barafu niliyoigandisha usiku kwenye ndoo.
"Ukubwa wa dadu," husema, "si wa sabuni!"
Nami miaka thelathini na moja nilipanga mabehewa stesheni ya Gulbene
bila kufundishwa na mtu ukubwa wa kitu.

Desemba hapa jua huamka saa tatu, tena kwa kulazimishwa,
na saa kumi haijagonga limeshafunga duka.
Jikoni madirisha yanatoka jasho.
Meza haionekani: nyuzi, mikasi,
paketi za maziwa tulizoomba kwa majirani wa ghorofa zote,
matunda ya msonobari yanayokauka juu ya redieta,
na bakuli la nta aliyoipiga kwa uma
mpaka ikaumuka, ikawa theluji isiyoyeyuka mkononi.
Huwavisha theluji hiyo sungura wake wa nta,
na watoto huwapenda.
Mimi napenda paketi ya maziwa.

Mshumaa mwembamba husimamishwa katikati, uti wa mgongo.
Barafu yangu hujazwa pande zote hadi juu.
Kisha Velta hushusha pumzi, akamimina.
Nta hukimbia huku na huku ikitafuta njia,
hulia *tss*, huganda palepale ilipokutana na baridi,
na barafu, ikiisha kuionyesha nta mahali pa kukaa,
hujiyeyukia.
Asubuhi tunachana paketi juu ya sinki,
maji yanamwagika, maji tu,
unabaki mnara mweupe wenye vyumba, vipenyo, madirisha,
na kila tundu ni kipande nilichokivunja mimi.
Nikamwambia: wewe fundi wa mishumaa, mimi fundi wa matundu.
Akacheka mpaka akamwaga mdalasini.

Si yote hutoka.
Mwaka juzi tulinunua nta rahisi kwa bwana mmoja wa Rēzekne,
minara arobaini ikapasuka usiku mmoja, tukisikia kitandani,
tak, tak, kama mtu anayevunja vidole.
Velta hakumtukana.
Aliiyeyusha upya yote, kimya,
na kimya cha Velta afadhali tusi.

Jumamosi iliyopita tuliipeleka gulioni,
yuro tisa mkubwa, nne mdogo.
Akaja mama mmoja mwenye kofia ya manyoya,
akauinua ule mkubwa kuliko yote, akaugeuzageuza
kama anayetafuta kafanana na nani.
"Sitauwasha kamwe," akasema, "ni mzuri mno.
Nitauweka kabatini."
Alikusudia sifa, maskini.
Velta alikuwa ameshapokea pesa.
Akazirudisha kiganjani mwake, sarafu moja moja.
"Nami nina sahani za kabatini, mama.
Huu ni mshumaa."
Nikamkanyaga mguu chini ya meza. Yuro tisa!
Na bili ya umeme ilikuwa mfukoni mwangu, haijafunguliwa.

Usiku huohuo theluji ikaangusha nyaya,
mtaa mzima ukazimika, bili ikakosa maana.
Velta akauleta mnara ule, akauweka juu ya sahani,
akawasha kiberiti.
Mwanzoni ulikuwa utambi tu na ncha yake ya njano.
Kisha mwanga ukashuka, ukaingia chumba cha juu,
ukafungua cha pili, ukachungulia cha tatu,
ukatoka kwa kila dirisha ukatawanyika:
mabaka ya dhahabu ukutani, kwenye friji iliyonyamaza,
kwenye paji la uso wake,
kwenye kidole changu gumba chenye ukucha mweusi wa nyundo.
Kilichong'aa hakikuwa nta.
Kilikuwa pale barafu ilipokuwapo.

Nilitaka kumwambia hivyo. Nikatafuta maneno,
na mzee wa reli hana mengi.
Velta alikuwa ameinama, jicho moja amelifumba,
anapima.
"Kesho," akasema, "vunja vidogo zaidi."