Shati Huanzia Kwapani

Sokoni Mwanga shangazi alinifunza:
shati la mtumba hulikagui kifuani,
kifuani kila shati ni bwana harusi.
Geuza. Tazama kwapa, tazama kola,
nusa pindo, ndipo uulize bei.

Leo iko mitumba miwili kwenye lami ya Kigoma,
kila mmoja injini mbili, pangaboi mbili, mkia mmoja,
na Bi Nyabenda, aliyeuza maboti matatu
na madebe ya mawese yasiyo na hesabu,
amenipa ngazi na siku moja tu.
"Nataka ya kubeba wazazi," amesema.
"Mwenye uchungu kule Kalya hangoji meli."

Ya kwanza nyeupe, nyeupe ya maziwa,
viti vya ngozi, zulia, harufu ya limau.
Dalali Gwimo anaipapasa ubavu kama fahali wa mnadani:
"Saa chache, fundi! Karatasi zote, hakuna pengo!"
Kweli. Mihuri imekaa mistarini
kama wanafunzi wa paredi.

Ya pili kijivu. Sijui ni rangi au ni uchovu.
Kiraka tumboni, bonyeo bawani
pale ndege alipogongana na ndege,
na kitabu chake kina madoa ya chai
na maneno ya mtu mwenye hasira:
"Mafuta yanavuja. Nimebadilisha kizibo. Yanavuja tena."
"Leo hayavuji. Sijui kwa nini. Kesho nitafungua."
Na kesho yake: "Nimefungua."

Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza,
lakini hizi zote mbili zimekuja zikiruka,
methali haikunisaidia.

Nikarudi kwa nyeupe. Nikapitisha kamera ya waya
kooni mwa injini, hadi penye moto,
nikaona mapezi ya turbini, ncha zimelika
kama meno ya mvuta kiko.
Nikakimbilia kitabu: nani alikagua hapa? Lini?

Tabora, Novemba, mvua za kwanza.
"Sehemu ya moto imefunguliwa, imekaguliwa. Ni salama."
Na chini yake saini yenye mkia mrefu,
S. Kapaya,
mkia niliojifunza kuuvuta nikiwa kijana,
nilipodhani saini ni pambo.

Nakumbuka. Umeme ulikatika, tochi ilikuwa imekufa,
rubani anatazama wingu la Urambo, anatazama saa,
na mtu fulani alikuwa na kalamu.
Sikufungua.

Waliokuja baadaye wakaniamini:
"kama awali", "kama awali", "kama awali",
ukurasa hadi ukurasa.
Hakuna aliyekufa. Hilo nimelihesabu mara nyingi
kuliko nilivyohesabu mshahara.
Tangu siku ile natembea na tochi mbili;
mke wangu hudhani naogopa giza.

"Chukua ya kijivu," nikamwambia Bi Nyabenda.
"Imezidi milioni arobaini. Na imechakaa. Kwa nini?"
Ningesema mapezi. Mapezi yangetosha.
Nikamfungulia ukurasa.

Akasoma. Kisha akanitazama mimi:
kwapani, kolani, kwenye pindo.
Dalali akakohoa; simu yake iliita, hakuipokea.
Kule chini ziwa limetulia, halina la kusema.
"Kumbe," akasema, "hata fundi ni wa mtumba."

Akakaza kanga kiunoni, akachukua tochi yangu ya pili,
akatangulia hadi chini ya ile kijivu.
"Fungua," akasema. "Nami nione."

Nimelala chali kwenye lami yenye moto,
bisibisi mkononi, mwanga wake ukitetemeka kidogo,
na tone moja la mafuta, jeusi, vuguvugu,
limenidondokea kwenye paji la uso.

"Inavuja," nimesema.
"Andika," amejibu.